Rosa Mistika, mara ya pili

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya, nikaimalizia kwenye matatu ya Kangemi, tumekwama Waiyaki Way. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na Tanzania ikaizuia shuleni: eti itaharibu wasichana. Nikiwa kidato cha tatu niliisoma hivyo hivyo, kama onyo. Rosa alijiachilia, Rosa akafa. Basi.

Sasa nina miaka 26, chuo niliacha mwaka wa pili, na jicho linamwendea Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Halafu Thomas, mkuu wa chuo cha ualimu. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Kuna mhadhiri mmoja alifanya nisirudi darasani, namjua Thomas.

Kezilahabi anawaona wanaume hawa vizuri kuliko waliomzuia. Lakini Charles akishamwacha Rosa kwa kuwa si bikira, mwandishi naye anamwua. Hapo namdai. Mimi nilibeba begi nikarudi kwa mamangu, na niko hapa, naandika. Rosa angepewa hata ukurasa mmoja wa hivyo, jameni.