Fundi Asomaye Kabla ya Kugusa

Unawasha kompyuta ya Linux, diski ya nje haionekani. Ukiichomoa na kuichomeka tena, hiyo hapo. Wengi wetu huishia hapo na kuendelea na kazi. Fundi hodari haridhiki: kama diski inafanya kazi ikichomekwa baadaye, basi kuna jambo limetokea katika zile sekunde chache za kuwaka, na analitaka hilo.

Hagusi kitu bado. Anafungua dmesg, ambako kerneli, kiini cha mfumo, huandika yale inayokutana nayo, kila mstari na sekunde zake tangu ilipoanza kazi. Anashuka taratibu mpaka kwenye maneno haya: usb 1-2: device descriptor read/64, error -110. Kwangu mimi ni vurugu ya tarakimu. Yeye anaona mahali na kosa. 1-2 ni njia ya kwanza, tundu la pili. -110 maana yake kifaa kiliulizwa maelezo yake, muda ukaisha bila jibu. Ingekuwa -71, mawasiliano yenyewe yangekuwa yamevurugika, na angeanza kwa kubadilisha waya.

Kimya hicho huweza kutokana na umeme: diski ya kuzunguka hutaka umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka, na tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500 tu, la USB 3.0 miliampea 900. Kwa hiyo anajaribu habu yenye umeme wake, bila kubadilisha kingine chochote. Akibadilisha vitatu kwa mpigo, hatajua kilichoponya ni kipi.

Siku nyingine dmesg haina lawama yoyote, na lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, inaitaja diski vizuri. Hapo anajua kerneli imeshaiona, anahamia ngazi ya juu. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, inaonyesha kwamba iliyokuwa sdb jana leo ni sdc, kwa kuwa majina hayo hugawiwa kwa kufuatana na nani kaonekana kwanza. Faili la fstab, linaloeleza diski za kuunganishwa wakati wa kuwaka, bado linaita sdb. Anafuta jina hilo, anaandika UUID, namba ya utambulisho ambayo haibadiliki kila kompyuta inapowashwa, kisha anaongeza chaguo la nofail ili kompyuta iwake hata diski isipokuwepo.

Ninachowahusudu zaidi mafundi hawa ni jaribio lao la mwisho. Hawaamini kuwasha upya, maana kompyuta nyingi haziukati umeme wa matundu ya USB wakati huo, na diski huwa tayari inazunguka. Wanazima kabisa, wanachomoa waya wa umeme, wanasubiri, ndipo wanawasha. Bila hivyo hawasemi imepona.