Picha ya Nusu Maji: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Funika nusu ya juu ya picha kwa kiganja, utazame ya chini peke yake. Kisha funika ya chini, utazame ya juu. Kama kila nusu inajitosheleza, basi mpigaji alikuwa na picha mbili zisizojuana, akazilaza kitanda kimoja. Picha ya nusu maji, ile inayopigwa lenzi ikiwa imezama nusu, ina thamani pale tu ambapo kila upande unauhitaji mwenzake. Chukua ngalawa ya Mafia, karibu na Kilindoni, msimu ambao papa potwe husogea pwani, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Juu mvuvi anavuta mshipi, macho yako upande wa pili kabisa. Chini, karibu na tumbo la ngalawa, samaki mwenye madoa meupe, mrefu kuliko chombo chenyewe, anapita taratibu. Mwondoe mvuvi, unabaki na papa potwe kama wa picha nyingine yoyote. Mwondoe papa, unabaki na kadi ya watalii. Mimi naanzia kwenye kipimo hicho, na picha nyingi zinazosifiwa huangukia hapo.

Baada ya hapo tazama mstari wa maji. Uwe mwembamba, na uwe na uhai, maana wimbi dogo linalopanda upande mmoja linapendeza kuliko mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Mstari mnene, ule mkanda wa ukungu unaokula robo ya picha, unakwambia kifaa kilikuwa kidogo. Maji hupanda kidogo pale yanapogusa kioo, na kioo kikiwa kidogo mpando huo unafunika sehemu kubwa ya picha. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hubeba kuba la kioo lenye upana wa sentimita 20 au zaidi mbele ya kamera. Simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki haiwezi kushindana hapo. Tena kioo bapa hukuza vya chini ya maji kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo anayeoga anaonekana ana kiuno cha mtu mmoja na mapaja ya mtu mwingine. Kuba huondoa kituko hicho. Ukiona miguu ya tembo chini ya mwili mwembamba, umeshajua kilichotumika.

Penye ugumu hasa ni kwenye kulenga, na hapo inafaa kukawia. Kuba likiingia majini linafanya kazi ya lenzi ya pili. Samaki aliye mita nyingi mbele, kamera inamwona kama yuko karibu mno. Kwa kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, hata kilicho mbali kabisa majini kinaonekana kama kiko sentimita 30 hivi kutoka kwenye kioo. Wakati huohuo mlima ulio juu ya maji unabaki kilomita zake zilezile. Kamera inaombwa ione vizuri sentimita 30 na kilomita kadhaa kwa mkupuo mmoja. Dawa ni lenzi pana sana, tundu la lenzi lililobanwa hadi f/16 au hapo karibu, na jua la kutosha. Hata hivyo upande mmoja huelekea kulegea. Msimamo wangu ni huu: samehe mlima, usisamehe jicho la samaki. Mlima wenye ukungu kidogo akili inaupokea, kwa sababu hata kwa macho milima ya mbali huwa hivyo. Jicho la samaki likififia, picha imekufa.

Mwanga nao unasema mengi. Chini ya maji ni giza kuliko juu, kwa hiyo mvivu hutoa anga jeupe lililoungua au vilindi vyeusi tii. Fundi husubiri jua liwe juu, likiwa mgongoni mwake, au huwasha flashi chini. Rangi nyekundu hupotea majini hata kwa umbali wa mlalo, siyo kwa kina tu. Samaki mwekundu wa kung'aa aliye mbali, bila flashi yoyote, amepakwa rangi kwenye kompyuta.

Kuhusu matone kwenye kioo sina mengi ya kusema. Tone moja mbele ya uso wa mtu, irudishe picha hiyo.

Kuhusu picha za kuunganisha, tazama chini kidogo ya mstari. Uso wa maji ukitazamwa kutoka chini kwa pembe ya ulalo unageuka kioo cha kujitazamia: samaki aliye karibu na juu ana pacha wake kichwa chini, na mawe ya sakafu yanaonekana tena darini. Wanaobandika picha mbili kwa kompyuta husahau jambo hili karibu kila mara. Mmarekani David Doubilet, aliyeipa aina hii ya picha jina kubwa katika kurasa za National Geographic, hutumia dari hilo kama sehemu ya picha yenyewe.

Na maji? Kwa Tanzania, mahali ambapo ningemtuma kijana mwenye kamera ni Ziwa Tanganyika, upande wa Mahale, ambako maji yanaweza kuonekana wazi hadi mita 20 hivi, samaki wa mawe wakiwa chini na milima yenye msitu ikiwa juu. Sisi wa Igurwa, na Karagwe na Kyerwa kwa jumla, huku mkoani Kagera, tuna migomba na vilima vinavyotosha nusu ya juu, lakini nusu ya chini inatutia aibu. Mto Kagera unabeba udongo wa vilima vya nchi kadhaa, na kwenye mafunjo yake kuna mamba na kiboko, ambao hawajali kuba lako liligharimu kiasi gani. Kilichobaki ni chemchemi za mabondeni, Julai na Agosti kabla mvua hazijaanza kuteremsha udongo: kijito cha kina cha goti, changarawe chini, jani la mgomba juu. Kuba linaingia hapo bila shida. Vaa mabuti, kwa sababu kichocho hupita kwenye ngozi, na maji ya utulivu yenye konokono hayafai kusimamiwa miguu mitupu.

Na ukiletewa picha ya Mto Kagera ya mwezi Aprili, maji maangavu hadi sakafuni, usilipe.