Mashine Inapohesabu Maneno ya Kezilahabi

Mwaka jana tuliletewa rasimu ya tasnifu juu ya riwaya za Euphrase Kezilahabi, tuitolee maoni kabla haijafikishwa kwa watahini. Jina la mwandishi wake na la chuo chake hayahitajiki hapa. Rasimu hiyo ilikuwa na jambo jipya: mwandishi hakutosheka na kuzisoma riwaya kwa macho, bali aliziingiza katika kompyuta, akaiamuru ihesabu maneno, kisha akatoa hukumu ya kuwa msamiati wa Nagona (1990) ni mpana kuliko ule wa Rosa Mistika (1971), na ya kuwa huo ni ushahidi wa kukomaa kwa mtunzi. Wahakiki wengi wamesema kwa njia nyingine ya kuwa Nagona na Mzingile (1991) ziliiacha mbali njia ya riwaya za kwanza. Hapa, kwa mara ya kwanza, tuliletewa hesabu. Tuliisoma rasimu hiyo tukiwa Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, na kadiri tulivyoisoma ndivyo hesabu ile ilivyozidi kutupa mashaka.

Hatuna ugomvi na mashine. Padri Roberto Busa wa Italia alipokuwa akichunguza wazo la kuwapo katika maandishi ya Thomas Aquinas, aligundua ya kuwa wazo hilo halikujificha katika nomino kubwa kubwa za falsafa bali katika kihusishi kidogo cha Kilatini chenye maana ya ‘katika’. Aliandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000 kwa ajili ya kihusishi hicho kimoja, na mwaka 1949 akaiendea kampuni ya IBM kuomba msaada wa mashine. Kazi iliyotokana na safari hiyo ilichukua miaka 30. Wengi huitaja habari hii ili kuisifu kompyuta, wakasahau ya kuwa sehemu iliyomchosha Busa na wasaidizi wake haikuwa kuhesabu, bali kuamua kila umbo la Kilatini ni la neno gani. Kiswahili kina deni hilo hilo, na rasimu yetu haikuwa imelilipa.

Kosa la kwanza la rasimu ni jepesi kulieleza. Kipimo kilichotumika ni kuchukua idadi ya maneno tofauti na kuigawanya kwa idadi ya maneno yote. Sasa, Nagona ni kitabu chembamba, nacho Rosa Mistika ni kirefu zaidi. Katika ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote karibu kila neno ni geni. Kadiri kurasa zinavyoongezeka, na, ya, kwa na lakini hurudi tena na tena, na mgawanyo huo hushuka wenyewe. Kitabu kifupi hushinda kabla shindano halijaanza. Angechukua sehemu zenye urefu sawa kutoka kila riwaya, tungemsikiliza.

Kosa la pili ndilo linalolihusu jarida hili, maana ni kosa la istilahi. Mwandishi alisema ‘neno’ mara nyingi mno pasipo kutuambia neno ni nini. Tutunge sentensi moja: Mtoto alilia, watoto wakalia, nami nikalia. Msikilizaji yeyote husikia kilio mara tatu na mtoto mara mbili. Uzuri wa sentensi, kama unao, umo katika kurudia huko. Programu za bure zinazotumiwa sana, kama Voyant Tools au AntConc ya Laurence Anthony, zikiachwa kama zilivyo hukata matini kwa kufuata nafasi nyeupe na alama za uandishi. Zitasema sentensi ina maneno sita, yote tofauti, wala hakuna lililorudiwa. Mtunzi anayerudia kwa makusudi huhesabiwa kuwa tajiri wa msamiati, kwa sababu tu kitenzi chetu hubadilisha kichwa chake kila nafsi na kila njeo inapobadilika.

Mazimbu ni mahali panapofaa kulifikiria jambo hili. Kabla ya kuwa kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa chama cha ANC, SOMAFCO, iliyoanza mwaka 1978 katika shamba la zamani la katani na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992. Vijana wa Afrika Kusini waliosoma hapo walitoka katika lugha nyingi zilizo ndugu wa Kiswahili. Mzulu huandika ngiyahamba, neno moja. Mtswana huandika ke a tsamaya, maneno matatu. Sarufi ya maumbo hayo mawili inakaribiana sana, nayo yote mawili hutaja mtu anayekwenda. Tofauti iliyo kubwa ni uamuzi wa waliosanifu maandishi. Mashine ikiletewa barua mbili za vijana wawili waliokaa dawati moja, itasema wa pili ametumia maneno mengi kuliko wa kwanza. Sisi huandika ninakwenda kama Mzulu. Kwa hiyo nafasi nyeupe ni mapatano ya tahajia. Si mpaka uliowekwa na maana.

Tuchukue mfano wa kihakiki hasa. Kichwamaji (1974) inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Mtu akitaka kujua jinsi nafsi hii inavyoitawala riwaya, ataiagiza kompyuta imtafutie mimi, naye atapata idadi ndogo isiyolingana na riwaya anayoijua, kwani Kazimoto amejificha ndani ya vitenzi: katika nili-, nika-, sita-. Akiagiza itafutwe ni, balaa litakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mfuatano huo wa herufi ni kitenzi kishirikishi, ni msimulizi katika niliona, ni mtendwa katika aliniona, ni mahali katika nyumbani, na ni wingi wa wanaoamriwa katika njooni. Kihusishi cha Busa kilimsumbua kwa wingi wake. Hiki chetu kinasumbua kwa wingi wa kazi zake.

Hata hivyo tusiitupe hesabu ile ya mimi. Kwa kuwa Kiswahili hakiihitaji mimi ili kutaja nafsi, kila mahali ilipoandikwa imeandikwa kwa sababu: kusisitiza, kujitenga na wenzake, kujibu shutuma. Orodha ya mahali hapo, kila moja pamoja na sentensi yake, haionyeshi kuwapo kwa Kazimoto, bali huonyesha ubishi wake na dunia. Huo ungekuwa uchunguzi mzuri, na mashine ingeutayarisha kwa dakika chache. Tungependa kuisoma tasnifu ya namna hiyo.

Ili kazi kama hiyo ifanyike, maneno matatu yatenganishwe. La kwanza ni kidahizo, ambalo watunga kamusi wetu wanalo tayari: lia ndicho kidahizo cha alilia na wakalia. La pili ni umbo: alilia ni umbo moja, wakalia ni jingine. La tatu ni kila mara umbo linapojitokeza katika matini. Wako wanaosema ‘tokeo’, lakini wingi wake, matokeo, mwalimu yeyote ataupokea kama habari ya mtihani. Sentensi kama ‘matokeo ya matokeo’ imekwisha kutupitia mikononi. Tunapendekeza mtokeo, mitokeo. Katika sentensi yetu ya kilio basi pana mitokeo sita na maumbo sita. Vidahizo ni vinne, kama nami ikihesabiwa kuwa na pamoja na mimi. Sharti hilo la mwisho si dogo. Vipi kuhusu ndiye, naye, kwalo? Kila mtafiti akiamua peke yake, hesabu mbili za riwaya moja hazitalinganishika kamwe.

Lipo pia neno uhakiki, ambalo rasimu ililibandika juu ya kuhesabu kwenyewe. Mtumishi wa serikali aliyewahi kupeleka vyeti vyake vikaguliwe anajua uhakiki mwingine, ule wa kuthibitisha, na kwa maana hiyo ya ofisini mashine huhakiki vizuri sana: huthibitisha kama neno limo au halimo. Uhakiki wa fasihi ni kutoa hukumu. Kazi ya kompyuta tuiite uchanganuzi, jina linalofaa kwa kutenganisha kitu katika sehemu zake.

Isidhaniwe ya kuwa tunadai lisilowezekana. Tangu miaka ya 1980 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amejenga programu inayokivunja kitenzi cha Kiswahili katika viambishi na mzizi wake, na kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili, ina maneno kiasi cha milioni 25. (Maneno ya aina gani? Msomaji sasa ana haki ya kuuliza.) Programu ya namna hiyo ikikutana na paa hutaja maana kadhaa, za nyumba, za mnyama, za kuruka angani, kisha huhitaji kanuni au mtu wa kuchagua. AntConc nayo hukubali kupewa orodha ya vidahizo, mradi awepo aliyeitayarisha. Hapo ndipo Baraza, kwa kamusi zake na kamati zake za istilahi, lina kazi: orodha moja ya vidahizo na maumbo yake, iliyotolewa wazi, ingewafaa watafiti wa riwaya na wafasiri wa nyaraka za serikali kwa pamoja, kwani hata mfasiri anayelipwa kwa idadi ya maneno huathirika na swali hili zaidi ya mhakiki yeyote.

Tuliirudisha rasimu na maombi mawili: sehemu zenye urefu sawa kutoka katika kila riwaya, na hesabu ya vidahizo badala ya maumbo, walau kwa kurasa kumi za kila kitabu zilizochanganuliwa kwa mkono. Mwandishi alijibu ya kuwa kurasa kumi kwa mkono ni kazi ya majuma. Tulimjibu ya kuwa tunajua, tukamwekea ndani ya bahasha ukurasa mmoja wa Nagona tuliokwisha kuuchanganua kwa penseli, pamoja na maumbo saba ambayo hatukuweza kukubaliana juu ya vidahizo vyake.