Kiswahili cha Kongo Kwenye Filamu: Ushahidi Bila Hadithi

Tarehe 24 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura nchini Kongo kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule, makanisa na baa vilikuwa vimekwisha kufungwa siku chache kabla, na hali hiyo ikadumu hadi mwezi Julai. Katika miji mikubwa ya dunia miezi hiyo ilikuwa miezi ya kutazama filamu na tamthilia za mtandaoni, na magazeti yakajaa maoni juu ya kipi kitazamwe na kipi kiachwe. Katika mji mdogo kama Lokandu, kandokando ya mto Lualaba upande wa chini ya Kindu, filamu zilezile kwa kawaida hufika kwa mkono: hunakiliwa mjini, husafiri ndani ya memori kadi, na hutazamwa kwenye simu iliyochajiwa kwa sola. Hufika zimechelewa, lakini hufika.

Makala haya hayahusu njia hiyo bali lugha inayopita humo. Mtazamaji wa Lokandu ni msemaji wa Kiswahili. Kingwana chake kiliota mizizi Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyojenga Nyangwe na Kasongo. Swali ni je, anapoifungua hazina hiyo ya picha, anasikia Kiswahili gani, na Kiswahili hicho kimepewa kazi gani?

Yafaa kuanza na Country Queen, tamthilia ya Kenya iliyoanza kuonyeshwa kwenye Netflix Julai 2022 katika sehemu sita. Akisa, aliyekimbilia Nairobi, anarudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta ardhi ya watu wake imemezewa mate na kampuni ya madini. Kwa mtu wa Maniema, ambako bati limechimbwa Kalima na dhahabu Namoya, kisa hicho hakihitaji mkalimani. Msuko wake, ni kweli, ni mwepesi: wabaya hujulikana kuwa wabaya kabla hawajafungua vinywa. Lakini lugha yake ina uhai. Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya hupokezana kufuatana na nani anasema na nani, na anataka nini kwake. Kiswahili humo kimeruhusiwa kudanganya, kubembeleza, kusuta na kufanya mzaha. Vivyo hivyo katika Vuta N'kuvute (2021), ambayo Amil Shivji aliitoa katika riwaya ya Adam Shafi: Kiswahili cha Unguja kinabeba mapenzi na siasa za wakati wa ukoloni bila kuomba radhi kwa yeyote.

Hata wale wasimuliaji wanaodharauliwa na wasomi, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, wanaopachika sauti zao juu ya filamu za kigeni, wamekipa Kiswahili uhuru huo. Hawatafsiri, wanatunga upya. Wanafunzi wa fasihi simulizi wangefaidika kuwasikiliza kwa makini kuliko wanavyofanya.

Kiswahili cha Kongo nacho kiko wapi? Filamu za kubuni za Kongo zilizosifiwa zaidi nje, kama Viva Riva! (2010) ya Djo Munga, zimepigwa Kinshasa na husema Kilingala na Kifaransa. Kiswahili cha mashariki husikika hasa katika filamu za hali halisi: Virunga (2014), City of Joy (2016) ya Bukavu, na kazi za Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Nyingi kati ya hizo zimezaliwa na vita. Humo mtu hufungua kinywa ili aeleze alivyotendwa.

Katika kundi hilo Hamadi anastahili kutengwa na wenzake. Maman Colonelle (2017) inamfuata Kanali Honorine Munyole, afisa wa polisi anayewalinda wanawake na watoto, anapohamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani. Hakuna msimulizi anayemweleza mgeni nini cha kufikiri. Kanali hugombeza, hubembeleza, hupiga hesabu ya pesa zisizotosha, na Kiswahili, Kilingala na Kifaransa hupishana kinywani mwake kama vinavyopishana sokoni. Ndiyo maana anabaki mtu kamili, mwenye hasira na uchovu, wala hageuki sanamu ya wema. Virunga haina subira hiyo. Ina haraka ya kumshawishi mtazamaji wa mbali, na maneno ya wenyeji mara nyingi yamekuwa vipande vya hoja ya mtu mwingine.

Hata hivyo upungufu unabaki. Kijana anayesema «batoto» nyumbani na kuandika «watoto» darasani amekwisha fundishwa kwamba lugha ya mama yake ina makosa. Filamu inamwongezea somo la pili: kwamba lugha hiyo inafaa kwa kilio tu. Anayetaka kuchekeshwa au kusikia watu wakitongozana, sharti asikilize Nairobi au Dar es Salaam. Walimu wa sarufi hawawezi kuliponya jeraha hilo, maana si la sarufi.

Augure (2023) ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, imefungua mlango kidogo. Ni hadithi ya kubuni, na Kiswahili kinasikika humo kando ya Kilingala na Kifaransa. Lakini Koffi, anayerudi kutoka Ubelgiji na mchumba mwenye mimba, anapokewa kwa hofu na shutuma za uchawi, na picha za ajabu zinapendeza macho kuliko mazungumzo yanavyopendeza sikio.

Mlango mpana zaidi uko mahali pasipotarajiwa. En route pour le milliard ya Hamadi iliteuliwa kwa tamasha la Cannes la 2020, lile ambalo korona ililizuia kufanyika kama kawaida. Inawafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani, Juni 2000, wanaoteremka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Wengi wamekatwa miguu au mikono. Kwenye mashua mvua inapenya turubai, watu wanagombana, wanapikiana, wanaimba. Na katikati ya safari Hamadi anachomeka vipande vya mchezo wa kuigiza ambao majeruhi wenyewe wanaucheza jukwaani. Pale hawamjibu mtu swali. Wamechagua maneno, wamepanga nani aanze na nani anyamaze, na maumivu yao yamekuwa mali yao ya kutungia. Vipande hivyo ni vifupi mno, kisha kamera inarudi mashuani.