Kosa la Kumvunja Atkyns

Katika ukusanyaji wa vitabu vya kale vya historia ya kaunti za Uingereza hakuna uamuzi unaofanywa kwa wepesi zaidi, wala unaoleta hasara isiyorudishika zaidi, kuliko ule wa kukivunja kitabu, ambao maana yake katika biashara hii ni kuukata mshono, kuzitoa picha na ramani moja baada ya nyingine ili zitiwe fremu, na kuyaacha maandishi yageuke karatasi zisizo na mnunuzi. Kitabu kilichoumia sana kwa uamuzi huo ni The Ancient and Present State of Glostershire cha Sir Robert Atkyns, ambacho wakusanyaji hukiita Atkyns kwa jina la mwandishi wake. Kukivunja ni kosa, iwe nakala ni kamili au pungufu, na sababu zinazotolewa kulitetea kosa hilo hazina uzito unaodaiwa.

Atkyns alifariki mwaka 1711 na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata, kikiwa cha ukubwa wa folio, yaani ule unaopatikana karatasi ya chapa inapokunjwa mara moja tu. Januari 1713 moto uliiteketeza nyumba ya uchapaji ya William Bowyer jijini London, na nakala nyingi za kitabu hicho ziliungua humo, kwa hiyo tangu mwanzo hakikuwa kitabu cha kuchezewa. Parokia za kaunti zimepangwa humo kwa alfabeti, na picha zake, zaidi ya 60, zilichongwa kwenye mabamba ya shaba na Mholanzi Johannes Kip, aliyezionyesha nyumba za mabwana wa ardhi kutoka juu, kama anavyoziona ndege, pamoja na bustani, mazizi, njia za miti na mashamba yanayozizunguka.

Uamuzi wenyewe unastahili kutazamwa hatua kwa hatua, kwa kuwa madhara yake yote yamo katika hatua hizo. Nakala hufika mezani ikiwa na jalada lililoachana na mgongo, kurasa za mwanzo zimeingia madoa ya maji, na pengine picha mbili au tatu hazipo. Anayeipokea huzihesabu zilizobaki, na hesabu hiyo ndiyo inayotoa hukumu. Wembe hupitishwa kwenye uti wa kitabu, nyuzi zilizoyashika mafungu ya kurasa kwa miaka 300 hukatika, na kila picha ya kurasa mbili hubanduliwa kwenye ukanda mwembamba wa karatasi uliokuwa ukiishikiza mahali pake. Mkunjo wa katikati hubaki kama kovu, na mara nyingi hupigwa pasi ili usionekane; kisha karatasi iliyotoka kwa mchapaji ikiwa nyeusi na nyeupe hupakwa kijani cha nyasi na wekundu wa matofali, rangi ambazo Kip hakuzitia, kwa sababu mnunuzi wa mapambo huvutwa na rangi. Kufikia hapo hakuna ufundi wowote unaoweza kurudisha kilichokuwepo, hata wa fundi jalada hodari, kwani picha zimeshatawanyika katika sebule za watu wasiofahamiana.

Hesabu inayosukuma wembe huo si ngumu kuielewa. Kitabu kizima kinahitaji mnunuzi mmoja mwenye fedha nyingi kwa mkupuo, mwenye subira, na mwenye rafu inayomudu uzito wake. Picha 60 zina wanunuzi 60, ambao kila mmoja hutafuta kijiji alichozaliwa au nyumba iliyo jirani naye, na jumla ya fedha zao huipita bei ya kitabu. Mantiki hiyo ni ya bucha, ambako ng'ombe aliyekatwa huingiza zaidi ya ng'ombe aliye hai, na kosa lake ni kudhani kwamba kitabu cha historia kina nyama tu na hakina uhai unaotokana na viungo vyake kushikamana.

Uhai huo unaonekana mara tu ukurasa wa maandishi unapowekwa kando ya picha yake. Katika maelezo ya parokia Atkyns hutaja idadi ya nyumba, makadirio ya wakazi, wangapi miongoni mwao wanamiliki ardhi kwa haki kamili, na wangapi huzaliwa na kuzikwa kwa mwaka. Takwimu hizo zilikusanywa karibu karne nzima kabla ya sensa ya kwanza ya Uingereza ya mwaka 1801, na ndizo alizozitegemea Samuel Rudder, mchapaji wa Cirencester, alipotoa historia yake ya kaunti hiyo mwaka 1779 na kulinganisha parokia za wakati wake na zile za Atkyns. Msomaji wa nakala nzima anaiona nyumba ya bwana ikiwa imeijaza karatasi kutoka pembe hadi pembe, na katika maandishi ya parokia hiyohiyo anawasoma watu ambao mchoraji hakuwapa nafasi, wale waliolima mashamba yaliyochorwa kwa mistari myembamba kwenye ukingo. Aliyenunua picha peke yake amenunua fahari ya bwana na kuwaacha wanakijiji wakitupwa.

Bustani ya Westbury Court, kando ya mto Severn, ni ushahidi unaotosha kuifunga hoja hiyo. Iliwekwa na Maynard Colchester kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 kwa mtindo wa Kiholanzi wenye mfereji mrefu ulionyooka, na ilipochukuliwa na National Trust, taasisi ya uhifadhi wa urithi wa Uingereza, mwaka 1967, ilikuwa imeharibika mno. Walioifufua waliongozwa na picha ya Kip, na waliongozwa vilevile na daftari za Colchester mwenyewe, alimoandika miche na miti aliyoinunua, kwa maana picha iliwaonyesha mahali pa kila kitu na daftari zikawaambia ni kitu gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha iliyobanduliwa kwenye kitabu chake ni mali iliyonyang'anywa daftari lake.

Utetezi unaorudiwa zaidi ni kwamba zinazovunjwa ni nakala pungufu tu. Utetezi huo unageuza matokeo kuwa sababu, kwa kuwa nakala nyingi ni pungufu kwa sababu mtu aliyetangulia alishaanza kuzichuna, na anayezimalizia anakamilisha uharibifu wa mwenzake. Zaidi ya hayo, nakala iliyopoteza picha tano bado ina maandishi yote, bado ina majina ya waliowahi kuimiliki, na pambizoni inaweza kuwa na masahihisho yaliyoandikwa kwa wino na kasisi aliyeijua parokia kuliko Atkyns. Anayetaka picha ya ukutani anaweza kupata nakili yake, kwa kuwa kitabu kilitolewa upya mwaka 1974 kwa kuigwa ukurasa kwa ukurasa. Nakili hiyo inatosha kabisa kwa ukuta, lakini haitoshi kwa uchunguzi wa karatasi, wino na alama za wamiliki.

Mzizi wa tabia hii ni wa zamani, na umeshalaumiwa mara nyingi bila kung'olewa. Mwaka 1769 kasisi James Granger alitoa historia ya watu mashuhuri wa Uingereza iliyopangwa kwa kufuata picha zao zilizochongwa, na wasomaji wakaanza kupachika picha walizozitafuta kwingine, desturi iliyopewa jina lake. Baada ya mwaka 1790 kitabu cha Thomas Pennant kuhusu London kikawa kipenzi cha wapachikaji hao. Kila kitabu kilichonenepeshwa kwa njia hiyo kilihitaji vingine vikondeshwe, na wembe wa leo ni mrithi wa mkasi wa wakati ule, tofauti ikiwa kwamba wapachikaji walau walizitia picha ndani ya kitabu kingine.

Wakusanyaji wakubwa wa zamani hawakwenda njia hiyo. Richard Gough, aliyefariki mwaka 1809, aliiachia kwa wosia maktaba ya Bodleian ya Oxford mkusanyiko wake wa topografia, yaani vitabu, hati, ramani na picha zinazoeleza mahali mbalimbali nchini, ikiwemo ramani ya Uingereza ya Zama za Kati inayoitwa hadi leo kwa jina lake. Akaufanya kuwa wa umma bila kuutenganisha na maana yake. William Upcott naye alitoa mwaka 1818 juzuu tatu zinazoorodhesha, kitabu kwa kitabu, kurasa na picha zinazopaswa kuwemo, ili mnunuzi aweze kuhakiki ukamilifu wa nakala kabla ya kulipa. Hesabu ya Upcott ilikuwa ya kulinda na hesabu ya mvunjaji ni ya kugawa, ingawa wote wawili huhesabu picha zilezile.

Wapo mafundi wa leo wanaorudisha mgongo wa kale juu ya mshono mpya bila kupunguza pambizo, na kazi yao ni njema. Lakini fundi hupata nafasi pale tu ambapo mmiliki ameamua kungoja, na kungoja ndiko kunakodaiwa hapa: nakala pungufu iuzwe kama pungufu, upungufu wake utajwe wazi, bei yake ishuke, na mnunuzi wa kipato cha kawaida, ambaye asingeimudu nakala kamili, apate kuisoma kaunti yote badala ya kuning'iniza nyumba moja. Katika kanisa la Sapperton, kijiji cha Atkyns, sanamu ya kaburi lake imemwonyesha akiwa ameweka mkono juu ya kitabu. Jumba lake lililokuwa jirani lilibomolewa ndani ya miongo miwili hivi ya kifo chake, na sura ya jumba hilo inaonekana katika picha ya Kip, huku habari za parokia iliyolizunguka zikisomeka katika maandishi ya mwenye jumba. Vitu hivyo viwili vilichapwa ili vikae pamoja, na anayevitenganisha anambomolea Atkyns nyumba yake kwa mara ya pili.