Nyangumi juu ya Kifuniko: Uhakiki wa Mkoba wa Nantucket

Katika uhakiki wa sanaa imezoeleka kutenganisha fani na maudhui, kisha kuviunganisha tena ili kazi ionekane nzima. Wakusanyaji wengi wa mikoba mikongwe ya kisiwa cha Nantucket, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, hutenganisha bila kuunganisha. Macho yao hutua kwanza kwenye nakshi ya kifuniko: nyangumi, shakwe au kombe la pwani lililochongwa kwa pembe. Msuko huja nyuma, kana kwamba ni ukuta tu wa kutundikia picha.

Yafaa kuanza na jina. Mkoba huu huhesabiwa miongoni mwa vikapu vya merikebu ya taa. Katika karne ya 19, mabaharia wa merikebu zilizotiwa nanga kusini mwa kisiwa, ili kuonya vyombo vingine juu ya mafungu ya mchanga, walisuka vikapu kupitisha miezi ya upweke. Lakini vikapu vyao vilikuwa wazi. Mkoba wenye kifuniko ulibuniwa nchi kavu mwaka wa 1948 na José Formoso Reyes, mzaliwa wa Ufilipino aliyesoma hadi Harvard. Alifika kisiwani mwaka wa 1945, akakosa kazi ya ualimu, akajifunza ususi kwa fundi mzee Mitchell Ray. Jina, basi, linamtukuza baharia na kumfunika mwalimu aliyenyimwa darasa.

Msuko nao una hoja yake. Kitako ni cha mbao, chenye mfuo kandokando. Fito huchomekwa humo, hupindwa kufuata kalibu ya mti, kisha henzirani nyembamba hupitishwa juu na chini, mzunguko baada ya mzunguko. Unene wa fito usipolingana, mzunguko wa kwanza hupotoka kidogo na wa mwisho hulifichua kosa. Henzirani hiyo ni mmea wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, pande za kwao Reyes. Safari ya mmea na safari ya mtu zimekutana katika kitu kimoja: hayo ndiyo maudhui ambayo mkusanyaji huyapita.

Si kwamba uchongaji ni wa kudharauliwa. Charles Sayle alichonga nyangumi kwa ajili ya mikoba ya Reyes, na katika mikoba iliyo bora mgongo wa mnyama huitikia mpindo wa kifuniko. Kosa ni kulifanya pambo kuwa kipimo cha kazi nzima.

Tena pembe haikosi historia. Msomaji wa Kasongo au Kisangani anajua kwamba katika karne ya 19 pembe za Maniema zilibebwa mabegani hadi pwani ya Zanzibar, na kwamba Kiswahili kiliingia Kongo kwa njia hiyo hiyo. Pembe nyingi za Zanzibar zilivuka bahari hadi viwanda vya Connecticut, si mbali na Massachusetts, zikawa vibao vya piano. Haidaiwi hapa kwamba nyangumi fulani wa Nantucket alichongwa kwa pembe ya Maniema. Inadaiwa tu kwamba weupe huo una gharama. Mkataba wa kimataifa ulipiga marufuku biashara ya pembe za tembo wa Afrika kwa uamuzi wa 1989, na mwaka wa 2016 Marekani ikaibana zaidi ndani ya mipaka yake.

Hapa ndipo mizani ya mkusanyaji inapojaribiwa. Iwapo thamani yote imo katika pembe, sheria imeigusa thamani yote. Iwapo imo katika mkono uliosuka, mkoba usio na nyangumi ungali kazi kamili. Kiswahili hutenganisha kusuka na kuchonga; anayelijua neno la pili tu amekisoma kifuniko, hajakisoma kikapu.