Sauti na Neno katika Nyimbo za Taarabu

Husemwa kwamba kila sikio lina chaguo lake, na kwamba hapana faida ya kushindana juu ya sauti za waimbaji. Mmoja hupenda sauti nyororo, mwingine hupenda sauti nzito yenye mikwaruzo. Huyu hufuata mahadhi, yule hufuata shairi. Kauli hiyo ina kweli yake, lakini ikikubaliwa yote, uhakiki wa nyimbo hauna kazi tena. Yafaa basi kuuliza kama upo mzani ambao watu wa mapendo mbalimbali waweza kuutumia pamoja.

Taarabu ya Unguja ilikuzwa kwanza katika jumba la Sultani, kwa nyimbo za Kiarabu. Msikilizaji asiyejua lugha hiyo aliachiwa sauti na ala tu. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri. Waswahili walipoyafahamu maneno, waliweza kuyapima pamoja na sauti iliyoyachukua.

Wimbo wa taarabu mara nyingi huwa na beti za mistari mitatu. Mstari wenye mizani 16 hukatwa vipande viwili vya mizani 8, na vina hukaa kati na mwisho. Hapa ndipo penye shida. Katika kusema, mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kina hukaa katika silabi ya mwisho. Mahadhi yakiirefusha silabi hiyo, kina husikika vema, na mkazo hufifia. Yako hata maneno machache ambayo mkazo ukihama, maana nayo huhama: barabara yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia, na yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa. Basi mwimbaji ana wadai wawili, na ustadi wake ni kuwalipa wote.

Kwa mzani huu, ulaini wa sauti si sifa kamili. Iko sauti tamu ipandayo na kushuka kwa madaha huku ikimeza konsonanti, hata msikilizaji akaondoka na utamu bila habari. Kinyume chake ni Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ambaye aliimba baadhi ya nyimbo za Siti, na tena alikuwa mpigaji wa ngoma za unyago. Sauti yake ilikwaruza, na wapenda ulaini waweza kumwona mpungufu. Lakini ukali ule haukuwa pazia mbele ya neno. Uliligonga neno likasimama.

Wala isidhaniwe kwamba neno peke yake latosha. Nyimbo nyingi za taarabu husema kwa mafumbo. Mstari unaporudiwa, na ala zinapojibu, msikilizaji hupata nafasi ya kulifumbua fumbo, na pengine huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu limemgusa. Mtaalamu anayeupiga chapa wimbo huo na kuuhukumu kwa vina na mizani tu amehukumu nusu yake. Sahani za zamani nazo hazitoi ushahidi wote, kwa kuwa upande mmoja ulichukua kiasi cha dakika 3 tu, na wimbo mrefu ulilazimika kufupishwa.

Kwa hiyo wakusanyaji wa nyimbo wana wajibu wa kuandika, pamoja na maneno, mahali sauti iliporefushwa, mstari uliporudiwa na mwimbaji aliponyamaza. Wasipofanya hivyo, watawarithisha wajao mashairi yasiyo na pumzi. Kupenda sauti laini au nzito kutabaki haki ya kila msikilizaji. La kuulizwa kwa pamoja ni kama neno lilifika, na kama mahadhi ndiyo yaliyolifikisha.